Homa ya Proscovia

Jumapili, 3 Novemba 2013

Leo nimemnyoa Proscovia kichwa chote. Alikuja mlangoni kwangu na wembe na kipande cha sabuni, akapindua ndoo, akaikalia.

"Nyoa yote," akasema. "Mimi nachoka kuokota nywele kwa mto kila asubuhi."

Nikaanza kunyoa. Nikamkata kidogo nyuma ya sikio, tone moja tu, na mimi ninayeshika damu za watu kila siku maabara nikauweka wembe chini. Dawa anazotumia zinazipunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo hapaswi kupata hata mchubuko. Nilimpaka spiriti na kumpaka tena mpaka akausukuma mkono wangu.

Naandika kwa sababu naogopa na sina wa kumwambia. Siwezi kumwambia yeye, kwa maana yeye ndiye mgonjwa. Nyumbani Kakamega wakisikia Juba wanafikiria mshahara tu.

Vyumba vyetu vinapakana, hapa mtaa wa Malakia, kwenye ua wa mzee Lukudu. Proscovia ni Mganda wa Masaka, fundi cherehani sokoni. Mume wake, Constantine, huendesha lori na huonekana hapa anapoleta mzigo. Binti yao Pearl yuko kwa bibi yake Masaka. Nilipofika Juba mwaka ule wa uhuru wa Sudan Kusini, malaria ilinilaza na sikumjua mtu yeyote mji mzima. Proscovia alisikia natapika upande wa pili wa ukuta, akaingia na uji. Alinifulia hata shuka. Agosti mwaka huu aliniita chumbani kwake, akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu kama ndimu.

Sasa kila baada ya wiki tatu anapanda basi kwenda Kampala kutiwa dripu za dawa mbili, moja nyekundu kama sharubati. Madaktari wanataka uvimbe upungue kwanza, ndipo wapasue.

Mzee Lukudu alipita tukiwa katikati ya kunyoa. Akatutazama, akatikisa kichwa, akaenda bila salamu. Simpendi mzee huyu. Kwake kila ndoo ya maji ni ugomvi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Tope hadi ndani ya kliniki.

Alhamisi, 14 Novemba

Yuko Kampala kwa dozi ya pili. Chumba chake kimya. Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 18 Novemba

Amerudi na vidonda mdomoni, anakunywa maziwa tu. Lakini alipofunga mlango alinishika mkono tena. "Shika. Usiogope." Nilipapasa. Si ndimu tena, labda nusu yake. Tulitazamana tukaanza kucheka kama watu walioiba kitu dukani wakafika nyumbani salama.

Jumanne, 26 Novemba

Leo hakukuwa na wagonjwa wengi, na mtandao wa kliniki ukakubali. Nikasoma habari za utafiti mpya kabisa, wa mwezi huu, juu ya mojawapo ya zile dawa mbili za Proscovia. Naandika nilivyoelewa.

Watafiti waliwapa dawa hiyo panya wenye uvimbe. Dawa inaumiza kidogo ukuta wa utumbo, na baadhi ya bakteria wanaoishi humo wanapenya, wanafika kwenye tezi za kinga, wanaziamsha chembe za kinga. Chembe hizo ndizo zinazosafiri hadi kwenye uvimbe, hata uwe mbali na tumbo, na kusaidia kuushambulia. Panya waliosafishwa matumbo kwa antibiotiki, dawa haikuwafaa vile. Uvimbe wao uliendelea kukua.

Nilitoka kazini karibu nikimbie. Nilimkuta sokoni akishona gauni la Krismasi, nikamweleza kila kitu pale pale, mashine ikiendelea.

"Ati wadudu wa tumbo wanaenda kwa titi?"

"Wao hawaendi, Mama Pearl. Wanaamsha askari. Askari ndio wanaokwenda."

Akasimamisha mashine. "Kumbe tumbo yangu iko na kambi!" Alicheka mpaka mafundi wenzake wakageuka, akawaeleza kwa Kiganda, nao wakacheka. Miezi mitatu hii mwili wake umekuwa kama nyumba iliyoingiliwa na mwizi. Leo nilimwona akilishika tumbo lake kwa heshima.

Nimefurahi sana. Sijafurahi hivi tangu Agosti.

Jumamosi, 30 Novemba

Proscovia ameharisha tangu Alhamisi. Mwenye duka la dawa alimpa vidonge vya antibiotiki, akavirudisha. "Nimeambia yeye hapana, wewe unataka kuua askari wangu." Leo amepona kwa chumvi na sukari na maji tu. "Unaona?" akaniambia. Nikamwambia naona.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimegombana na Daktari Fortunato, au tuseme yeye amenigombeza na mimi nimenyamaza. Ndiye daktari wetu hapa kliniki ya Amarat, mtu wa Wau, aliyesomea Khartoum, anayeongea kana kwamba kila neno analipia ushuru. Nilimsimulia kuhusu vidonge vilivyorudishwa. Nilidhani atafurahi.

"Utafiti huo nimeusoma," akasema. "Ni mzuri. Lakini panya wale hawakuwa na homa, Jedidah. Waliishi kwenye vizimba visafi kuliko chumba changu cha upasuaji. Hakuna anayejua kama kwa watu ni hivyo."

"Nilimweleza tu nilichosoma..."

"Wewe ulisoma kuhusu panya. Yeye alisikia kuhusu nini?"

Nikageukia hadubini yangu.

"Mwambie hivi. Wiki ya pili baada ya dripu, homa ikipanda, ni antibiotiki saa hiyo hiyo. Asingoje kesho."

Jioni nilimwambia Proscovia. Alikuwa na pini mdomoni. "Sawa," akasema, akaendelea kukanyaga mashine. Sijui kama alisikia. Nilipaswa kusimama pale mpaka anitazame, lakini nilikuwa bado na hasira na daktari, nikaenda kupika.

Jumapili, 8 Desemba

Amerudi kutoka dozi ya tatu. Anasema barabara ya mpakani Nimule imejaa vizuizi, wanajeshi wanafungua kila mzigo. Mjini watu wanaongea kwa sauti ya chini. Wakubwa wa serikali wanatukanana redioni. Waganda wawili wa sokoni wamefunga vibanda, wamepeleka mali yao kwao. Constantine alimsihi abaki Kampala, lakini yeye alikwisha kukata vitambaa vya watu vya Krismasi.

Nami nilipaswa kumwambia arudi Kampala. Nilipomwona akishuka na kifurushi chake nilifurahi tu.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua zimekwisha kabisa. Vumbi. Wanajeshi wengi sana njia ya kwenda Amarat.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemchoma kidole Proscovia leo, nikaitazama mwenyewe damu yake kwenye hadubini. Nilisogeza kioo huku na huku nikitafuta chembe nyeupe. Zilikuwa chache mno. Nilidhani nimekosea kupaka, nikapaka kioo kingine. Hali ile ile.

Daktari Fortunato aliangalia, akainua kichwa. "Akae ndani. Asiende sokoni. Vidonge vya antibiotiki alivyopewa Kampala kwa dharura anavyo?"

Nimemuuliza. Viko mkobani, hajavigusa.

Jumatatu, 16 Desemba

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Milio ilianza jana usiku, tukadhani ni wanajeshi wamelewa. Haikukoma. Leo mchana kutwa ni bunduki na kitu kizito zaidi kinachotikisa mabati. Simu zinakata. Mzee Lukudu amefunga lango kwa mnyororo, akatuita wapangaji wote tuhamie chumba chake cha ndani chenye ukuta wa matofali. Sisi wawili tu ndio tuliokuwepo. Wengine hawakurudi jana. Aliweka mtungi wake wa maji katikati, akasema kwa Kiarabu chake kwamba tunywe bila kuomba.

Proscovia ana homa.

Nilihisi joto lake nilipomsaidia kulala chini. Thamomita imesema thelathini na tisa. Nikatoa vidonge kutoka mkobani mwake, nikamimina maji. Akafumba mdomo.

"Mama Pearl, meza."

Akatikisa kichwa.

"Daktari alisema saa hiyo hiyo. Nilikwambia."

"Wewe uliniambia mambo mbili," akasema. "Hiyo ya kwanza niliamini."

Nilimweleza habari za panya upya. Kwamba walikuwa panya tu. Kwamba hakuna anayejua kwa watu. Alinitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini macho yalikuwa makali.

"Siku ile ulikuwa unajua."

"Siku ile nilikuwa nimefurahi."

"Nikimeza hii, uvimbe itakua tena. Pearl iko na miaka tisa. Homa nimezoea, homa inakuja na kuenda. Ile kitu ya titi haiendi." Akanigeuzia mgongo. Nje kitu kikalipuka karibu, na vumbi la dari likatumwagikia sote. Mzee Lukudu akaanza kusali.

Maneno yangu ndiyo yatakayomuua. Risasi ikimkosa, maneno yangu yatampata. Nilipitisha muda nimeshika vidonge kiganjani mpaka vikaanza kulainika kwa jasho.

Ndipo nikaacha kumwomba. Nikazunguka upande wa uso wake, nikalala chini tutazamane.

"Sikiliza. Sijui kama vidonge hivi vitausaidia uvimbe ukue. Ukiniambia niape, siwezi kuapa. Ninachojua ni kile nilichokiona kwa macho yangu Jumamosi. Niliitazama damu yako. Askari hawapo."

Akainua kichwa kidogo.

"Wale wadudu wa tumbo wanawaamsha askari kama askari wapo. Sasa hakuna wa kuamshwa. Utumbo umechubuka kama mdomo wako ulivyochubuka, na wao wanapenya kama kawaida yao, lakini hawakuti mtu. Wanaingia kwenye damu wanazaana tu. Homa hii ndiyo wao."

"Hao hao?"

"Hao hao."

"Hao nilikuwa nanywesha maziwa?"

"Hao hao, Mama Pearl."

Machozi yalimtoka, bila sauti. Nadhani lilikuwa jambo baya zaidi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Nilikuwa nimempa rafiki ndani ya mwili wake, na sasa nilikuwa namnyang'anya. Baadaye akafungua mdomo, nikamwekea vidonge, akameza.

Jumanne, 17 Desemba

Usiku aliona baridi, akatetemeka meno yakigongana, ingawa chumba ni cha moto kama tanuri. Asubuhi akatapika kila kitu pamoja na vidonge. Nikampa vingine, akatapika. Alianza kuniita kwa jina la dada yake. Mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka sana na mkono wake ulikuwa wa baridi. Hapo nilijua ni sindano au ni kifo, na sindano ziko Amarat.

Milio ilikuwa imesogea kidogo upande mwingine wa mji. Nikamwambia mzee Lukudu ninampeleka. Nilitegemea atanikataza. Alitoka nje, akarudi akisukuma mkokoteni wake wa maji, amekwisha kushusha mapipa, ametandika godoro lake mwenyewe.

"Mzee, wewe baki. Mimi nitasukuma."

Aliniambia kwa Kiarabu kwamba mimi sina lugha ya kuongea na watu wa barabarani. Ni kweli. Akavaa kanzu yake nyeupe ya kwenda kanisani, sijui kwa nini. Labda ili aonekane kwa mbali.

Sitaandika yote tuliyoyaona. Maduka ya Malakia yamevunjwa. Kulikuwa na viatu vingi barabarani, vya watu wazima na vya watoto. Kulikuwa na mtu amelala kifudifudi karibu na mtaro, na mzee Lukudu akaugeuza mkokoteni ili Proscovia asimwone, ingawa yeye alikuwa hamwoni mtu yeyote.

Kizuizi kilikuwa cha vijana watatu wenye bunduki. Mmoja alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Ita gi ruwa wen?" Mnakwenda wapi.

"De biniya tai," mzee akamjibu. Huyu ni binti yangu. "Huwo ayan." Ni mgonjwa.

Kijana alitazama uso wa mzee, akatazama wa Proscovia, akatazama wangu. Kisha akaonyesha kwa mdomo wa bunduki kitambaa alichojifunga Proscovia mpaka juu ya macho. Kivuliwe. Nilielewa wanachokitafuta. Kuna watu wa kabila moja wanaochanjwa mistari kwenye paji la uso, na tangu jana tunasikia wanavyouawa. Proscovia hana mstari wowote, lakini vidole vyangu vilikataa kufungua fundo. Nilifikiria, akiona chochote asichokielewa atafyatua.

Mzee Lukudu ndiye aliyefungua. Kitambaa kikaanguka, na kichwa cha Proscovia kikawa wazi juani, bila unywele, bila hata nyusi, ngozi ya kijivu imelowa jasho. Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akauliza ni ugonjwa gani. Mzee akamjibu neno moja nisilolijua. Mdomo wa bunduki ukashuka. Akatupungia mkono tupite upesi, huku mwenzake akijifunika pua.

Tulipopiga kona nilikaa chini barabarani. Mzee alisimama akiningoja, hakunihimiza, akimfunga Proscovia kitambaa upya kwa uangalifu, kama mtu anayemvalisha mtoto.

Daktari Fortunato alikuwa kliniki. Hajatoka tangu Jumapili. Kulikuwa na majeruhi kwenye benchi na sakafuni, na nguo zake zilikuwa na damu ya watu. Nilifikiri atasema, nilikuonya. Alimgusa Proscovia shingoni, akasema, "Dripu mbili, haraka. Sindano ziko kabati la chini." Kizibo cha chupa kiliponishinda, alinishikia chupa.

"Alikataa vidonge mpaka jana mchana," nikamwambia. "Ni kwa sababu yangu."

"Yuko hapa kwa sababu yako pia," akasema. "Shika mkono wake usiteleze."

Jumatano, 18 Desemba

Hai. Homa haijashuka. Mzee Lukudu amelala chini ya kitanda cha Proscovia, kwa kuwa kliniki haina kitanda kingine na kurudi hawezi.

Alhamisi, 19 Desemba

Homa imeshuka asubuhi, ikapanda tena mchana. Mikononi nanukia spiriti na damu. Kliniki haina mtu mwingine wa kupima makundi ya damu, kwa hiyo napima.

Ijumaa, 20 Desemba

Thelathini na saba na nusu. Ameomba chai. Mzee Lukudu alikwenda kuitafuta mwenyewe, na akaipata, sijui wapi katika mji huu. Proscovia alipokunywa alimwambia, "Asante, baba." Mzee akatazama pembeni.

Nilikuwa nikimchukulia kama mtu mchoyo. Nimemuuliza leo alimjibu nini yule kijana wa kizuizini. Akasema alimwambia ni kifua kikuu. Mkewe alikufa kwa hicho, na anakumbuka watu walivyokuwa wakisogea mbali.

Jumapili, 22 Desemba

Constantine ameegesha lori mpakani Nimule, upande wa Uganda, haruhusiwi kuvuka. Tunaondoka kesho na msafara wa mabasi ya Waganda. Nakwenda na Proscovia. Mzee amekataa kuja. Anasema vyumba vyetu vitafungwa na funguo atakaa nazo, na tuache kulia maana kichwa kinamuuma. Nilimbusu mkono, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata babu yangu.

Jumatano, 25 Desemba

Kampala. Kanisani hatukwenda. Baiskeli ilipasuka tairi nje, mimi na Proscovia tukajikuta chini ya meza. Pearl, aliyeletwa kutoka Masaka, alidhani ni mchezo, akaingia naye.

Alhamisi, 9 Januari 2014

Dozi ya nne, iliyocheleweshwa. Kabla ya dripu daktari wa hapa alipima uvimbe kwa rula. Haujakua. Haujapungua pia, uko vile vile ulivyokuwa mwanzo wa Desemba.

Tulipotoka Proscovia alisimama kwenye ngazi. "Dozi ya pili ilipunguza. Ya tatu haikupunguza. Ni vile vidonge na sindano?"

Nimefikiria jibu la swali hili tangu Juba. Ningeweza kusema hapana. Angependa niseme hapana.

"Inawezekana," nikasema. "Inawezekana pia ni homa yenyewe, au uvimbe tu umekataa. Hakuna mtu hapa wala Ulaya anayeweza kukuambia."

Aliniangalia, akashika kiwiko changu ili tushuke. Tangu hapo nasikiliza sauti yake kila anapoongea nami, natafuta kama ipo lawama. Sijaisikia. Hilo nalo linaniogopesha.

Jumanne, 21 Januari

Simu kutoka kwa Daktari Fortunato. Yuko salama. Kambi ya Umoja wa Mataifa imejaa maelfu ya watu, watoto wana surua. Hakuniomba nirudi. Alisema tu kwamba hadubini yangu imefunikwa vizuri.

Jumanne, 4 Februari

Wamempasua leo. Aliingia saa mbili, nami nikakaa ukumbini na Constantine, ambaye ni mtu mkubwa mwenye mikono ya kubebea magunia, na mikono hiyo alikuwa ameikalia muda wote kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mchana wakamtoa. Titi lote limekwenda, na tezi za kwapani. Alipozinduka alimwita Pearl, kisha akatapika, kisha akalala.

Alhamisi, 6 Februari

Anakaa. Anakula. Muuguzi alileta antibiotiki ya kuzuia kidonda kisioze. Proscovia alinitazama kwanza. Akameza.

Ijumaa, 14 Februari

Maabara ya hospitali imemaliza kuuchunguza uvimbe. Nilikwenda kuchukua majibu na nikamwambia mpatholojia aliyeuchunguza, mama mmoja mpole wa makamo, kwamba mimi ni mtu wa maabara kutoka Juba. Akanivutia kiti. "Njoo uone basi."

Sikuwahi kuutazama mwili wa mtu ninayempenda kwenye kioo cha hadubini. Niliogopa kuliko kizuizini, nadhani, kwa sababu hapa hakukuwa na mtu wa kufungua kitambaa badala yangu. Nikaweka jicho.

Kwanza nikaona seli za kansa, kubwa, zimekaa vibaya, zimesongamana. Bado zipo. Kisha yule mama akasogeza kioo kidogo, na nikaona kandokando yake chembe nyingine, ndogo, za mviringo, za buluu iliyokoza. Zilikuwa zimejaa. Zimezingira mafungu ya kansa, mahali pengine zimeingia hadi katikati, na mahali hapo seli kubwa zilikuwa zimekauka na kubaki kovu.

"Kinga yake imekuja," mama akasema. "Si kwa kila mgonjwa tunaziona hivi. Ni dalili nzuri. Nzuri kiasi."

"Nini kimezileta?"

Akatabasamu. "Ukijua, niambie."

Tezi mbili za kwapani zina kansa. Kuna dripu nyingine mbele, na mionzi.

Nilimkuta Proscovia kitandani, dirisha limefunguliwa, Pearl akichora miguuni pake. Nikamsomea majibu yote, hata yale ya tezi. Kisha nikamwambia nilichokiona. Neno askari sikulitumia. Tangu Desemba haliniingii mdomoni.

"Uliona na macho yako?" akauliza.

"Kwa macho yangu."

"Iko mingi?"

"Nyingi sana. Zimeuzingira."

"Zilitoka kwa tumbo?"

"Sijui zilipotoka, Mama Pearl. Nimeziona zilipofika tu."

Akaweka mkono juu ya bandeji, taratibu, mahali ambapo sasa hapana kitu.

"Zilikuwa zinashinda?"

"Sehemu moja zilikuwa zinashinda. Sehemu nyingine sikuweza kujua."

Akaitikia kwa kichwa. Pearl akamwonyesha picha yake, akaisifu. Halafu akanigeukia.

"Na Juba?"

Nilikuwa nimeongea na mzee Lukudu asubuhi ile ile, simu ikikatika kila mara: mitaa mingine imetulia, mingine hakujua.

"Hivyo hivyo," nikamwambia.